Waipa za Ombwe Zikigoma: Tafuta Ubovu Hatua kwa Hatua Kabla ya Kufungua Mota

Kila mvua zikikaribia, wenye Ford Prefect, Anglia 100E, Consul, Zephyr na Jeep za Willys huleta lalamiko lile lile: waipa za ombwe, zile zinazoendeshwa na mvuto wa injini badala ya umeme, zimegoma, mota imefunguliwa, imesafishwa, imerudishwa, na bado haifui dafu. Ukiuliza kama kuna aliyepima mvuto wa injini, au aliyejaribu kuzungusha mikono ya waipa ikiwa imetenganishwa na mota, jibu ni hapana.

Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Mota inaonekana na ina skrubu, basi fundi anaanza nayo. Gasketi iliyokaa miaka 60 inachanika, kasia la ngozi lililo ndani ya mota linapinda, na ubovu mmoja unazaa wa pili. Humu tutakwenda kinyume: vyuma vya waipa kwanza, kisha injini, kisha mpira hadi kwenye mota. Mota yenyewe tutaifungua mwisho, na wengi wenu hamtafika huko.

Kinachozisukuma waipa hizi

Injini ya petroli ikivuta hewa huku kilango cha kabureta kimezibwa kiasi, ndani ya manifoldi (mabomba yanayoipelekea injini hewa) hewa hupungua na kubaki ombwe. Mpira mwembamba hupeleka mvuto huo kwenye mota. Ndani ya mota kuna chumba chenye umbo la nusu mwezi, na kasia moja lililoshikwa na shafti. Upande mmoja wa kasia hunyonywa, upande wa pili huachiwa hewa ya nje, na hewa hiyo ndiyo inayolisukuma. Kasia likifika mwisho, springi hugeuza valvu kwa ghafla, pande zinabadilishana kazi, kasia linarudi.

Kwa hiyo mota hii haina waya wala fyuzi, na nguvu yake ni kidogo sana. Pia, ukikanyaga mafuta mpaka chini, kilango cha kabureta hufunguka chote, ombwe hutoweka na waipa husimama. Hilo ni umbile lake. Hakuna fundi atakayeliondoa kwa kusafisha mota.

Vifaa vya kuwa navyo mkononi

- Geji ya ombwe yenye mpira wake na kiungo cha T. Ndiyo kifaa kikuu. Bila hiyo unabahatisha.
- Pampu ya mkono ya kunyonya hewa, ile wanayotumia mafundi kutoa hewa kwenye breki. Si lazima, lakini inarahisisha kazi.
- Mpira mpya wa ombwe wenye ukuta mnene, tundu lake la ndani milimita 5.5 hadi 6. Pima bomba la gari lako kwanza, kwa sababu si magari yote yanalingana.
- Klipu ndogo, bisibisi, spana, plaizi, brashi ya waya.
- Mafuta ya kulegeza kutu na oili nyepesi, kwa ajili ya vyuma vya nje tu.
- Mafuta ya kwato za ng'ombe, yanayouzwa kwa watu wa matandiko ya farasi na bidhaa za ngozi, au mafuta maalumu ya mota za waipa. Haya ni ya ndani ya mota.
- Karatasi nyembamba ya gasketi, msasa laini wa namba 1000 na 1200, kipande cha kioo bapa.
- Chupa ya maji ya kulowesha kioo cha gari.

Tahadhari za kabla ya kuanza: vuta hendibreki, weka gia huru, fanyia kazi mahali penye hewa. Feni za magari haya haziko ndani ya kizuizi chochote, kwa hiyo kanga, tai na mikono mirefu ya shati vikae mbali. Wala usiziachie waipa zifanye kazi juu ya kioo kikavu chenye vumbi. Kioo kitachorwa, na mota itabeba mzigo ambao mvua haina.

Sikiliza dalili kabla ya kushika spana

Waipa zinasimama ukipanda mlima tu na kurudi ukiachia mafuta: mfumo wako ni mzima, au pampu ya kusaidia, kama gari linayo, imechoka. Nenda hatua ya 4.

Zinakwenda pole muda wote, hata gari likiwa silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta): anza hatua ya 1 na usiruke kitu.

Hazitikisiki, lakini unasikia mnyonyo: vyuma vimekwama au valvu ya mota imeganda.

Hazitikisiki na hakuna sauti yoyote: ombwe halifiki. Hatua ya 2 na ya 3.

Zinapiga mara moja na kusimama upande mmoja: springi ya kugeuza valvu. Hii ndiyo dalili pekee inayokupeleka moja kwa moja kwenye mota, na hata hapo pima ombwe kwanza, maana ombwe hafifu huiga ubovu huu vizuri sana.

Waipa moja inakwenda, nyingine imelala: linki (vyuma vinavyounganisha mota na mikono ya waipa), kebo au meno ya mkono. Mota haihusiki.

Injini inayumba au kutaka kuzima ukiwasha waipa: kuna hewa nyingi inayopenya. Kasia limechanika au mpira umepasuka.

Waipa mbovu, ekzosi inatoa moshi wa buluu na oili inapungua: soma hatua ya 4 kabla ya kumruhusu mtu yeyote akuuzie ringi za pistoni.

Hatua ya 1: Vyuma vya waipa bila mota

Tenganisha linki au kebo kutoka kwenye mkono wa mota. Kwenye magari mengi utafika huko kwa kulala chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Hakuna njia ya heshima ya kuifanya kazi hii. Shika mkono wa waipa, inua raba isiguse kioo, kisha usukume kwa kidole kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari yake.

Unatakiwa uende laini, bila kukwaruza, bila mahali pagumu. Ukihitaji kutumia ngumi nzima, umeshapata ubovu. Shafti ndogo zinazotokeza chini ya kioo hujaa vumbi, na grisi ya zamani hugeuka gundi. Mota ya umeme ingelazimisha ikapita. Hii haiwezi.

Ng'oa mikono, tia mafuta ya kulegeza kutu juu na chini ya bushi, zungusha mbele na nyuma, futa uchafu unaotoka, rudia mpaka mafuta yatoke safi. Malizia kwa oili nyepesi. Usipake grisi nzito, kwa sababu asubuhi ya baridi itakurudisha ulikotoka.

Angalia pia mikono yenyewe. Mikono ya gari la kisasa ina springi kali inayoikandamiza raba kwenye kioo, na watu huifunga kwenye magari ya zamani kwa kuwa ndiyo inayopatikana. Mota ya ombwe haina ubavu wa kuisukuma. Raba ngumu iliyokauka kwa jua ni mzigo vilevile.

Kama gari lako linatumia kebo badala ya linki za chuma, kebo isilegee mpaka ikaning'inia, wala isikazwe mpaka ikalia ukiigusa.

Onyo: usisukume mkono wa waipa kwa nguvu ukiwa bado umefungwa kwenye mota. Mwili wa mota hizi ni chuma laini cha kumimina, na viungo vyake vya ndani havikutengenezwa kusukumwa kutoka nje.

Umefaulu ikiwa: mikono yote miwili inapita safari nzima kwa kidole kimoja. Usiunganishe mota bado.

Hatua ya 2: Pima ombwe kwenye injini

Washa injini mpaka ipate moto wake wa kawaida. Chomoa mpira wa waipa kwenye manifoldi, chomeka geji hapo hapo, acha injini silensa, kisha soma.

Hapa ndipo watu wengi wa nyanda za juu hupotea. Vitabu vya gari husema injini nzima isome inchi 17 hadi 21 za zebaki, na sindano itulie. Namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Kila ukipanda futi 1,000, yaani karibu mita 300, unapoteza takriban inchi 1. Mtu wa Nairobi anaona 13, anashtuka, anaanza kubomoa injini ambayo haina kosa lolote.

Tumia makadirio haya badala yake:

- Mombasa, Tanga, Dar es Salaam: 17 hadi 21
- Kampala, mwinuko wa karibu mita 1,200: 13 hadi 17
- Arusha, karibu mita 1,400: 12 na nusu hadi 16 na nusu
- Nairobi, karibu mita 1,800: 11 hadi 15
- Eldoret, karibu mita 2,100: 10 hadi 14

Geji yako ikisoma kwa kilopaskali, inchi 1 ya zebaki ni kilopaskali 3.4; ikisoma kwa sentimita, ni sentimita 2.54. Kwa hiyo inchi 18 ni karibu kilopaskali 61 au sentimita 46.

Maana yake kwa mwenye gari ni hii: waipa zilizokuwa zikikimbia Mombasa zitakwenda kwa unyonge Limuru, hata kama kila kitu ni kipya. Nguvu ya kasia inatokana na ombwe hilo, na theluthi moja hivi imebaki njiani. Ndiyo maana hatua ya 1 ina uzito mkubwa kwa watu wa bara kuliko wa pwani. Huna mvuto wa ziada wa kupoteza kwenye bushi kavu.

Tazama na jinsi sindano inavyokaa. Ikitulia chini ya kiwango cha mahali ulipo, shuku taimingi iliyochelewa au hewa inayopenya kwenye gasketi ya manifoldi au chini ya kabureta. Ikidondoka kidogo na kurudi kwa mpigo ule ule, kuna valvu ya injini isiyofunga vizuri. Ikipanda na kushuka polepole kama inayopumua, angalia mchanganyiko wa kabureta. Rekebisha hayo kwanza. Mota ya waipa haiwezi kuwa na afya kuliko injini inayoilisha.

Onyo: wapo wanaotafuta penyo la hewa kwa kupuliza petroli au dawa ya kabureta kuzunguka manifoldi yenye moto. Usifanye. Bana mpira mmoja mmoja kwa plaizi yenye kitambaa na utazame sindano: ikipanda ukibana, penyo liko kwenye tawi hilo.

Umefaulu ikiwa: sindano imetulia ndani ya kiwango cha mji wako. Iandike namba hiyo kwenye karatasi, utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Fuata mpira mpaka kwenye mota

Rudisha mpira kwenye manifoldi. Nenda upande wa pili, uchomoe kwenye mota, chomeka geji hapo. Namba iwe ile ile uliyoandika, au pungufu kwa kiasi kisichozidi inchi 1.

Ikiwa imeshuka sana, mpira unapenya. Ikiwa inapanda kwa kuchelewa, mpira au bomba limeziba nusu. Ikiwa ni sifuri, limeziba lote.

Mipira ya zamani ina udanganyifu wake: kwa nje inang'aa, kwa ndani imelainika na kuta zake hunyonywa mpaka zikagusana. Ukiupuliza kwa mdomo hewa inapita vizuri, kwa sababu unapuliza na injini inanyonya. Ndiyo maana sishauri kuupima mpira kwa kuupuliza. Ukiwa na mashaka na umri wake, badilisha. Ni sehemu ya bei rahisi kuliko zote.

Badilisha kwa mpira wa ombwe. Nimeona mipira ya dripu, ya tangi la samaki, hata vipande vya tyubu ya baiskeli vikiwa vimefungwa kwa waya chini ya boneti. Vyote hulainika kwa joto la injini na kufunga njia, na vyote huonekana vizima gari likipoa, jambo linalomfanya fundi aape kwamba ubovu hauko hapo.

Palipo na bomba la chuma kati ya injini na dashibodi, lichomoe ncha zote mbili na ulipulize kwa kompresa. Gari lililokaa miaka bila kutembea huwa na kutu ndani, na nyigu wa udongo hupenda matundu ya ukubwa huo kuliko unavyodhani. Pulizia likiwa limetenganishwa na injini, la sivyo takataka zote zitaishia kwenye silinda. Kiunganishi kilichofungwa kwenye manifoldi nacho hujaa kaboni. Kifungue kabisa, ukisafishe nje ya gari, kisha ukirudishe.

Usisahau swichi ya dashibodi. Kwenye baadhi ya magari, kitufe huvuta kebo inayofungua valvu kwenye mota. Hakikisha kebo inasafiri safari yake yote, maana kebo iliyolegea hufungua njia nusu tu. Kwenye mengine, ombwe lenyewe hupita ndani ya swichi. Iruke kwa muda kwa kuunganisha mpira moja kwa moja: waipa zikichangamka, swichi ndiyo mwizi.

Umefaulu ikiwa: geji kwenye mota inasoma karibu sawa na kwenye manifoldi, injini ikiwa baridi na ikiwa ya moto.

Hatua ya 4: Pampu ya kusaidia na tangi, kama vipo

Baadhi ya magari yana pampu ya petroli yenye kazi mbili. Chumba kimoja kinasukuma petroli, kingine kinanyonya hewa ili waipa zisife ukipanda mlima. Utaitambua kwa ukubwa wake na kwa mipira miwili ya ziada: mmoja unatoka kwenye waipa, mwingine unakwenda kwenye manifoldi. Kama pampu yako ina njia za petroli tu, ruka hatua hii.

Chomoa ule unaokwenda kwenye manifoldi uchungulie ndani. Ukiwa umelowa oili ya injini, diaframu ya ombwe (utando ulio ndani ya pampu) imechanika. Manifoldi sasa inanyonya mvuke wa oili kutoka sehemu ya chini ya injini kupitia pampu, ndiyo sababu ya moshi wa buluu na oili inayopungua. Injini nzuri zimefunguliwa kwa kosa hili la diaframu ya ukubwa wa kiganja.

Kwa muda, ziba njia mbili za pampu na uunganishe waipa moja kwa moja na manifoldi. Moshi ukikata baada ya oili iliyobaki kwenye manifoldi kuungua, umepata jibu.

Hapo hapo nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, diaframu ya upande wa pili nayo inavuja na petroli inaingia kwenye oili. Usiendeshe gari hilo mpaka umekarabati pampu na kubadilisha oili.

Kwa tangi la akiba, yaani kopo la chuma linalotunza ombwe kati ya manifoldi na waipa, kipimo ni rahisi. Endesha injini, fungua waipa juu ya kioo kilicholowa, kisha zima injini. Tangi na valvu yake ya njia moja vikiwa vizima, waipa zitaendelea kupiga mara kadhaa kabla ya kuchoka. Zikifa papo hapo, valvu haifungi au tangi limetoboka kwa kutu.

Hatua ya 5: Mpe mota mafuta bila kuifungua

Sasa tu ndiyo tunaigusa. Mota ikiwa bado haijaunganishwa na vyuma, iunganishie mpira na uwashe injini. Bila mzigo, inatakiwa ipige kwa mwendo sawa huku na huku, na kila mgeuko usikike kama mlio mmoja mkavu. Ikifanya hivyo, iache. Unganisha vyuma, nenda hatua ya 7.

Ikivuta miguu, kasia limekauka. Mota nyingi zina kasia lenye ukingo wa ngozi, na ngozi kavu hujikunja na kuachia hewa ipite pembeni. Zima injini, dondosha matone machache ya mafuta ya kwato kwenye tundu la mpira, zungusha mkono wa mota taratibu pande zote mbili ili yasambae, na ulale. Ngozi hainywi kwa dakika tano. Kesho yake washa injini uache mota ipige peke yake. Ekzosi ikitoa moshi kidogo ni yale mafuta ya ziada.

Ukijua kwa hakika kwamba kasia lako ni la raba, weka mafuta ya silikoni badala yake.

Usimimine oili ya injini, mafuta ya taa wala dawa ya kulegeza kutu. Hulainisha kwa siku moja, halafu huacha ngozi ngumu na raba iliyovimba. Mafuta ya breki ni ushauri wa mafundi wa zamani ambao bado unazunguka. Yatakuvulia rangi ya gari popote yatakapodondoka, na sioni sababu ya kuyatumia ilhali ya kwato yapo.

Hatua ya 6: Kufungua mota, kama hakuna njia nyingine

Ng'oa mota uipeleke mezani. Piga picha kila upande kwa simu kabla ya skrubu ya kwanza kuzunguka, na uchore alama ya msumari kwenye mwili na mfuniko ili virudi vilevile. Skrubu zilizoganda zipe mafuta ya kutu na muda. Ukizibana mota kwenye jiliwa, weka mbao pande zote na ukaze kidogo. Mwili huo hupasuka bila taarifa.

Fungua mfuniko kwa kupitisha wembe kwenye gasketi, kamwe usichokonoe kwa bisibisi. Gasketi ya zamani ikitoka hata kwa vipande, itunze upime unene wake. Hili ndilo jambo linalowashinda wengi wanaofika hapa. Gasketi nene huliacha kasia na nafasi juu na chini, hewa inapita. Nyembamba mno hulibana lisitembee. Mota iliyosafishwa ikang'aa na bado haivuti, mara nyingi ilipewa gasketi ya kubuni.

Osha chumba cha chuma peke yake kwa mafuta ya taa, kausha. Kutu nyepesi iondoe kwa msasa wa 1000, ukifuata mzunguko wa kasia. Usiuchimbe ukuta, mchubuko mmoja wa kutoka juu hadi chini ni mlango wa hewa wa kudumu.

Kasia la ngozi lizame kwenye mafuta ya kwato usiku kucha, kisha ukingo wake ufunguliwe kwa vidole uelekee nje ili uguse ukuta. Likiwa limechanika au limekatika pembe, halitengenezeki. Tafuta vipuri kwa jina na namba iliyogongwa kwenye mwili wa mota. Nyingi zimeandikwa Trico, na vifaa vya ukarabati vyake bado vinauzwa mtandaoni.

Valvu isugue kwa mviringo juu ya msasa wa 1200 uliolazwa kwenye kioo bapa, mpaka uso wote uwe na rangi moja. Springi ya kugeuza ikikatika au kulegea, badilisha. Usiinyooshe irudi "nguvu", itageuza valvu siku mbili na kukuacha siku ya tatu barabarani.

Umefaulu ikiwa: umefunga mfuniko, umeziba tundu la mpira kwa kidole, na ukisukuma mkono wa mota unasikia unapinga na kutaka kurudi. Ukipita bila upinzani, hewa inapenya. Fungua tena uangalie gasketi na ukingo wa kasia.

Hatua ya 7: Rudisha na ujaribu barabarani

Funga mota, unganisha vyuma, washa waipa bila mikono kwanza, uzizime, uone mota inaegesha upande gani. Ndipo ufunge mikono ikiwa imelala upande huo. Kwenye baadhi ya mota mnyonyo mdogo hubaki hata waipa zikiwa zimezimwa, ndio unaozishikilia zisiinuke. Usiutafutie dawa.

Lowesha kioo. Gari likiwa silensa, waipa zipige mwendo mmoja bila kusita katikati. Barabarani, kwa mwendo wa kawaida zipige. Ukikanyaga mafuta yote zisite au zisimame. Ukiachia zikimbie kwa kasi mpaka abiria aulize kuna nini. Gari linalofanya hivyo ni zima.

Mlimani, shuka gia mapema na ukanyage mafuta kiasi badala ya kung'ang'ania gia kubwa na pedali ikiwa sakafuni. Injini ikizunguka haraka kwa kilango kilichofunguka kidogo ina ombwe; ikivuta kwa kwikwi kwenye gia ya juu haina. Na usianze kulipita lori kwenye mvua kubwa kwa matumaini: sekunde ile unapohitaji kuona mbele ndiyo ambayo waipa husimama.

Wanaoishi nyanda za juu, kabla ya kukimbilia mota ya umeme, jaribuni tangi la akiba. Funga kopo gumu la chuma kati ya manifoldi na waipa, na valvu ya njia moja upande wa injini. Ile ya buster ya breki inafaa, mradi uifunge hewa ielekee kwenye injini tu. Chupa ya plastiki itanyonywa ikajikunja, na debe lililowahi kubeba petroli usilichomelee kwa sababu yoyote ile. Ukiamua mota ya umeme hata hivyo, angalia kwanza kama gari lako ni la volti 6 au 12, na uitunze ile ya ombwe. Siku ya kuuza gari, mnunuzi ataiulizia.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ndogo: matone ya mafuta ya kwato kabla ya kila msimu wa mvua, na wakati wa kiangazi lowesha kioo uziachie waipa zipige dakika moja kila unapoliwasha gari, ngozi isikauke.